Sindano Isiyoniuma

Juzi nilikaa kwenye benchi la zahanati moja huku kwetu Ndama, nimejikunyata ndani ya koti nililorudi nalo kutoka vita vya Burma, nangoja sindano ya homa. Mbele yangu mwanafunzi wa uganga wa mwaka wa pili alikuwa akimfundisha wa mwaka wa kwanza kudunga. Walidunga kipande cha mgomba.

"Tena," alisema yule wa mwaka wa pili, macho mekundu kwa kukosa usingizi. "Tena."

"Sasa nimeweza, kaka. Nimdunge mzee?"

Nikashika fimbo yangu, tayari kwenda zangu.

"Bado. Mgomba haushtuki." Akaketi, akakunja mkono wa shati. "Nidunge mimi kwanza. Tia maji ya chumvi."

Mkono wake ulijaa alama. Nikamuuliza za nini.

"Za wenzake, mzee. Huyu ni wa tano."

Akadungwa. Akafumba macho kidogo. "Umezamisha mno. Tena." Akatoa mkono wa pili.

Zamu yangu ilipofika sikuhisi kitu. Nyumbani nikajisifu kwamba sindano haikuuma. Kumbe iliuma, tena sana, ila si mkononi mwangu.