Tundu la Kwanza

Mnisamehe kwa herufi nitakazokosea na kwa mwandiko huu unaolala upande. Niliishia shule ya msingi, na mkono wangu huenda polepole. Lakini jambo hili nimelibeba muda mrefu, na kwa mdomo siwezi kulisimulia, maana watu wakinitazama maneno hunikimbia.

Hapa Rubondo, katika kambi yetu ya wakimbizi, kando ya kanisa, kuna chumba cha kompyuta. Intaneti inaingia kwa waya mmoja. Vijana wakifungua mechi ya mpira kwenye kompyuta, wengine wote hukwama. Hivyo ndivyo dada yangu alivyokosa usaili wa kozi ya uuguzi: uso wake uliganda kwenye kioo kabla hajajibu hata swali moja. Wenye chuo walimpa nafasi ya pili, wakasema hakuna ya tatu.

Basi akaja fundi mwanamke kutoka Kakoba, mjini Mbarara, na swichi mpya ya kugawia intaneti kwenye begi. Niliitazama: kisanduku chembamba, matundu yamepangana, taa ndogo juu ya kila tundu. Akaunganisha laptopu yake, akaandika, akaandika.

“Unaona sanduku moja,” akaniambia. “Mimi nagawa nyua ndani. Inaitwa VLAN. Tundu la kwanza mpaka la nne, ua wa vijana. La nane, ua wa dada yako, na njia yake nimeipa nafasi ya mbele. Wa huku hamuoni wa kule.”

Nilitafuta ukuta ndani ya kile kisanduku. Sikuuona. Kwetu Burundi, mama husema, ua ni miti iliyofungwa kwa kamba. Huu ulikuwa wa maneno tu, na umesimama.

Siku ya usaili mama alifagia chumba, akafunga kabati la swichi lenye mlango wa kioo, akamrudishia katekista, mtunza chumba, ufunguo. Katekista akaondoka nao kwa pikipiki kwenda Base Camp, kwenye ofisi za kambi. Dada akakaa, akavuta kitambaa chake kichwani, akapiga simu ya usaili kwenye kompyuta. Picha ikaja vipande vipande. Nyuma yake vijana walikuwa wanashangilia goli.

Nilimpigia fundi. Sauti yangu ilikuwa ndogo hata mimi sikuisikia vizuri.

“Angalia kupitia kioo. Taa ya nane inawaka?”

“Imezima. Inawaka ya kwanza.”

“Nani amehamisha waya?”

Mama akashika ufagio kwa mikono miwili. “Ni mimi. Niliweka mtoto wangu mbele. Kwa bomba, kidumu cha kwanza ndicho kinapata maji mingi.”

Fundi akacheka, lakini kwa upole. “Mama, huku hakuna foleni ya vidumu. Umempeleka kwenye mpira.”

“Basi nivunje kioo?” mama akauliza.

“Wacha kioo, mama. Kaeni mbali na kabati.”

Kwenye simu nilimsikia akiandika kwenye laptopu yake, kama siku ile. Nilikuwa nimebandika paji la uso kwenye kioo. Fundi alikuwa Mbarara, barabara yote ile na milima yake katikati yetu. Taa ya tundu la kwanza ikazima. Mama akashika msalaba wa rozari yake. Kisha taa ikawaka tena. Waya haukusogea hata unywele, hakuna mkono uliogusa, lakini tundu lile lilikuwa limehama ua.

“Sasa tunakusikia vizuri,” sauti ya mwanamke aliyekuwa akimsaili ikasema kwenye kompyuta. “Mtoto ana homa kali. Unaanza na nini?”

Dada akajibu. Akajibu na la pili, na la tatu. Vijana waliendelea na mpira wao upande ule, bila kujua kwamba kuna mtu amepita katikati yao akatoka.

Dada sasa anasoma uuguzi. Mama akifagia, huinamisha kichwa kidogo mbele ya lile kabati, kama anapita mlangoni kwa watu.

Nawaomba mniandikie, hata mistari miwili. Mniambie kama kwenu kuna kisanduku kama hiki, na kama na nyinyi mmewahi kusimama mbele yake mkakosa la kusema. Barua nitaisoma polepole, lakini nitaimaliza.