Nyumba Ambayo Haikusimamishwa Rusinga

Wewe uliyepokea barua ya ajira ya afya ya umma, keti kidogo unisikilize. Sitakuchosha. Nataka kukueleza kazi hii jinsi tulivyoifanya, hasa mwaka ule ambao mpaka wa nchi ulifungwa kwa sababu ya korona, ili ukifika kwenye dawati kama langu usianze gizani.

Siku yangu ya kwanza niliripoti Homa Bay nikiwa na viatu vipya. Msimamizi wangu, Afisa wa Afya ya Umma wa Wilaya, aliviangalia kabla ya kuangalia barua yangu. "Hivyo ni vya kanisani," akasema. "Rudi ununue gambuti." Saa nne tulikuwa nyuma ya hoteli moja sokoni, tukipima umbali kati ya choo na kisima kwa hatua. Alinifundisha kwamba afisa wetu hutibu mahali kabla mtu hajaugua. Ndiyo maana watu hutuita daktari, nasi hatuna hata bomba la sindano.

Kutoka hapo nilipelekwa Mbita. Huko nilijifunza kipindupindu. Kikiingia, tulifunga vibanda vya chakula kando ya ziwa, tukaweka klorini kwenye maji, yaani dawa inayoua vijidudu, na kuwasihi wavuvi wasinywe maji waliyokuwa wakielea juu yake. Afisa aliyenitangulia pale alinipa ushauri mmoja: "Usifunge kibanda cha mama yeyote kabla hujamwonyesha mdudu. Na kwa kuwa mdudu haonekani, utaongea sana." Niliongea sana. Wengi walinielewa. Wachache walinifukuza kwa upawa, na mmoja kati yao baadaye akawa rafiki yangu.

Kituo changu cha mwisho kilikuwa Isebania, mpakani na Tanzania, katika idara iitwayo afya ya bandari. Watu huuliza bandari iko wapi hapo, palipo na malori na wabadilishaji pesa tu. Jina hilo linahusu mlango wowote wa nchi ambao mtu au mzigo unaweza kuingia na ugonjwa. Tulikagua kadi za chanjo ya homa ya manjano, tukanusa samaki, tukasoma vyeti vya maiti waliosafirishwa. Watu wetu, Wajaluo, wamesambaa ng'ambo hadi Tarime, Musoma na Mwanza, na wakifa hurudishwa kwao kuzikwa. Kila wiki jeneza lilipita mbele yangu. Nilikuwa nikisimama, nasaini, nawapa pole, wanaenda.

Kisha ikaja korona. Agizo lilitufikia likiwa fupi: madereva wa mizigo wapimwe na kupita, wasafiri wengine wasiingie, Mkenya anayerudi nyumbani aruhusiwe, lakini aende karantini siku kumi na nne. Nikueleze tofauti ambayo wengi huichanganya. Mgonjwa hutengwa. Anayewekwa karantini ni mtu mzima wa afya, ambaye huenda amekutana na ugonjwa, naye hungoja tuone. Huyu wa pili ndiye mgumu kumweleza, kwa sababu haumwi popote. Sisi tulitumia mabweni ya shule moja iliyokuwa imefungwa.

Asubuhi moja, pikapu ilisimama kizuizini ikiwa na jeneza nyuma na mwanamke mbele, karibu na dereva. Jina lake Akinyi, mzaliwa wa Suna, hapa hapa Migori. Ameolewa Rusinga, kisiwa kilicho karibu na Mbita, upande wa Homa Bay. Yeye na mumewe walikuwa wakiuza samaki Musoma kwa miaka mingi. Mumewe alishikwa na homa na kukohoa, akafa siku ya nne bila kupimwa. Joto la Akinyi lilikuwa la kawaida. Lakini alikuwa amemuuguza, na hilo lilitosha.

Nilichukua sampuli mbili, yaani ute wa puani: moja yake, moja ya marehemu. Nikamwambia jeneza litaendelea, yeye atabaki.

"Daktari," akasema, "huyu mtu hana nyumba kwao. Tulikuwa tujenge mwezi wa kumi na mbili."

Nilielewa mara moja, na wewe usiye wa huku nikufafanulie. Kwa Wajaluo, mwanamume mwenye mke hazikwi katika boma la babake kabla nyumba yake haijasimama, hata ikiwa ya udongo na mabati machache. Sharti azikwe mbele yake. Nyumba hiyo ndiyo kiti cha mjane. Bila hiyo hana mlango wa kuingilia, wala hawezi kulala katika nyumba ya mama mkwe, maana ni mwiko. Akinyi hakuwa akinililia mazishi tu. Alikuwa akiniuliza ataishi wapi maisha yake yote yaliyobaki.

"Shemeji zako watasimamisha," nikamjibu. "Huwajui watu wetu? Nguzo sita, mabati kumi. Kabla ya chakula cha mchana wako juu ya paa wanapigiana kelele."

"Na mimi nitakuwa wapi?"

"Shuleni. Siku kumi na nne."

"Shule nilimaliza zamani, mama."

Dereva alicheka kidogo, akajizuia. Nami nilitabasamu nyuma ya barakoa. Nilimshika kiwiko kwa glavu nikamwambia nimeolewa katika boma kama lake, najua ninalosema. Kisha nikajaza fomu ya maiti. Penye nafasi ya maagizo niliandika kwa mkono wangu: *Azikwe leo bila kusubiri majibu.*

Hapo ndipo kosa lilipo. Nilikuwa nimefikiria nyumba, tena kwa makini. Niliona akilini majirani wakija na nguzo begani, wanawake wakikanda udongo, kama nilivyoona tangu utotoni. Nilichosahau ni kwamba majirani hao tulikuwa tumewakataza sisi wenyewe. Mazishi yalikuwa ya watu kumi na tano, jamaa wa karibu tu, na chifu alisimama langoni kuhesabu. Nyumba ya siku moja hujengwa na watu hamsini. Nilitegemea mikono ambayo sheria yangu ilikuwa imeifunga.

Kikosi cha afya kilichosimamia mazishi upande wa Homa Bay kilisoma agizo langu na kulifuata, kama ilivyowapasa. Shemeji mkubwa aliomba wangoje hadi kesho. Wakamwonyesha sahihi yangu. Nguzo mbili zilikuwa zimesimama. Walimzika pembeni ya boma kabla ya jua kutua, pasipo na nyumba mbele yake.

Akinyi alipigiwa simu. Siku ya pili nilipokwenda bwenini kupima joto, alikuwa dirishani.

"Wamemzika kama mgeni," akasema. Hakupandisha sauti. "Ulisema paa."

Nilisimama mita mbili kutoka kwake, kama kanuni ilivyotaka. Nilisema pole. Akaniuliza kama kipimajoto changu kinaweza kupima na hilo.

Siku ya tatu majibu yalirudi. Marehemu hakuwa na korona. Mkewe pia hakuwa nayo, ingawa ilimbidi amalize siku zake. Alasiri hiyo Afisa Mkuu wa Afya ya Umma aliniita mjini Migori. Alikuwa mtu mpole, wa kuongea huku anasafisha miwani.

"Madam, ni nani aliyesema maiti huyu asingoje sampuli?"

"Ni mimi, bwana mkubwa."

"Waraka unasemaje?"

"Azikwe upesi."

"Soma ukurasa wa nyuma."

Niligeuza. Waraka ni barua ya maagizo inayotumwa kwa vituo vyote, na wakati ule zilikuja mfululizo, mpya kabla hujameza ya jana. Nyuma iliandikwa kwamba maiti aliyefungwa katika mfuko maalum anaweza kuhifadhiwa mochari hadi majibu yatoke, familia ikiomba. Mochari ilikuwa Migori, njiani kabisa. Pikapu ile ilipita mlangoni pake.

"Familia iliomba?" akaniuliza.

Nilifikiria maneno ya Akinyi pale kizuizini. "Iliomba, bwana. Sikujua kwamba ni ombi."

Hakunipa barua ya onyo. Afadhali angenipa.

Akinyi alipotoka karantini nilimwandikia cheti. Alifika Rusinga, akaingia bomani kwa kilio, akaenda moja kwa moja kaburini, kama afanyavyo aliyekosa mazishi. Mama mkwe alimpokea vizuri. Lakini wazee walibishana kama nyumba inaweza kusimamishwa baada ya mwenyewe kuzikwa. Wengine walisema inawezekana kukiwa na kondoo wa kafara, wengine wakasema ni kumchezea marehemu. Katika mabishano hayo hakuna aliyechimba shimo la nguzo ya tatu. Alilala katika kibanda cha jiko miezi mitatu, kisha akahamia Mbita, chumba cha kupanga.

Mimi nimestaafu. Walinifanyia sherehe, wakanipa saa ya ukutani. Nikipiga hesabu ya moyo, naamini tuliokoa watu wengi pale mpakani. Dereva wa lori tuliyemzuia mapema hakupeleka ugonjwa kwa mkewe. Sitaki ujifunze kwangu kudharau kizuizi. Kizuizi kilihitajika. Lakini sijawahi kukutana na mtu akaniambia asante kwa ugonjwa ambao hakuupata, na nakutana na Akinyi kila ninapokwenda Mbita.

Anauza omena, dagaa wa ziwani, karibu na daraja la kwendea Rusinga. Mara ya kwanza aliniuliza, "Daktari, bado unawapeleka watu wazima shule?" Wateja wake wakacheka. Nilingoja waondoke. Kisha nikamwambia lile nililolificha: kwamba mumewe angeweza kulala mochari Migori hadi majibu, na baada ya majibu yale majirani wangeachiwa angalau kujenga kwa zamu. Siku tatu tu.

Aliendelea kujaza gorogoro, ule mkebe wa kupimia, akausawazisha juu kwa kiganja.

"Siku tatu," akasema. "Nyumba ingekuwa hata na mlango."

Alinifungia omena, akageukia mteja mwingine.

Basi nisikilize. Ukipelekwa mpakani, kabla hujafungua dawati, nenda kwa miguu yako hadi mochari iliyo karibu. Msalimie mhudumu, jua jina lake, andika namba yake ya simu. Muulize ana nafasi ngapi na maiti anaweza kukaa siku ngapi. Jeneza likija na mjane wake, mpigie mhudumu huyo kwanza, halafu ndipo ushike kalamu.