Kamba ya Kupimia Wavu

Keti vizuri, msomaji wangu, maana nataka kukueleza habari ya kamba, na kamba haielezwi kwa haraka.

Ni kamba ya katani, nyembamba, iliyolainika kwa kushikwashikwa. Ukiinusa utasikia sabuni ya kipande na vumbi jekundu. Mimi nikiinusa narudi Kawangware 46 hapo Nairobi, kwenye ploti yetu ya vyumba kumi na viwili, nina miaka tisa, na mama yangu amesimama mlangoni na filimbi shingoni. "Nekesa! Kamba!"

Mama alikuwa kocha mkuu wa timu ya voliboli ya wasichana katika chuo cha ualimu kilichokuwa mwendo wa nusu saa kwa miguu kutoka kwetu. Alianza na wasichana tisa na mpira mmoja uliovuja upepo. Pedi za magoti hazikuwepo, kwa hiyo Jumamosi tulikwenda Soko la Toi kuchagua soksi ndefu za mitumba, kisha tukakata sponji ya godoro kuukuu na kuishonea ndani. Wachezaji walimwita Madam. Majirani walimwita Mama Filimbi, wala hakukasirika.

Sasa turudi kwenye kamba. Wavu wa wanawake una kimo chake: mita mbili na sentimita ishirini na nne. Futi ya fundi cherehani haifiki huko. Ndiyo maana Mama alipima kamba mara moja tu, akafunga fundo pale kipimo kilipoishia, akabakiza kipande cha kuning'inia. Kazi yangu ilikuwa kukanyaga ncha ya kamba chini ya mlingoti. Akinyi, kepteni wetu kutoka Kibera, alipanda juu ya jiwe, akaivuta kamba ikanyooka, akafunga wavu pale fundo lilipofika. Nilivyoona mimi, hakukuwa na mtoto Nairobi nzima mwenye kazi kubwa kuliko yangu.

Mama naye alikuwa na desturi yake. Kabla ya mazoezi alikwenda chini ya wavu, akasimama wima, akainua mkono mpaka ncha za vidole zikagusa utepe wa juu. Hakukosa hata siku moja. Nilidhani anausalimia.

Jumapili moja baada ya kanisa, wasichana wa ploti walitaka kuruka kamba, na iliyokuwa nzuri kuliko zote ilikuwa yetu. Fundo lilikuwa likiniumiza kiganja, nikalifungua. Tuliruka mpaka tukaitwa kula. Wakati wa kuirudisha nikafunga fundo upya, mahali nilipodhani ndipo.

Jumatatu nilijua. Akinyi alisimama juu ya jiwe lilelile, lakini safari hii ilibidi asimamie vidole vya miguu. Wavu ulikaa juu kwa kiganja kizima zaidi.

Ningesema palepale. Lakini asubuhi ile nilikuwa nimemsikia Mama akimsimulia jirani yetu, Mama Wambui, maneno ya mkuu wa chuo. Mashindano ya vyuo yalikuwa baada ya wiki tatu. Timu isipochukua kombe, ingepewa mwalimu wa kandanda, mwanamume, kwa sababu eti yeye anajua kushinda. Miaka saba ya Mama ingeishia hapo.

"Na wewe umemwambia nini?" Mama Wambui aliuliza.

"Nimemwambia mpira hauna rafiki. Una anayeufikia."

Ningemwendeaje mtu kama huyo nimwambie nimemharibia kipimo? Nikanyamaza, na kila jioni nikakanyaga ile ncha kama mtu anayekanyaga nyoka.

Mipira ikawa inagonga wavu na kurudi. "Aki Madam, hii neti imeenda mbinguni ama?" Akinyi alilalamika.

"Neti iko. Ni wewe umebaki chini. Ruka!"

"Magoti yamechoka, Madam."

"Yaambie yatapumzika Jumapili."

Wiki ya kwanza wasichana walilia. Ya pili wakautukana wavu kwa Kijaluo na Kiluhya. Ya tatu wakaanza kuuvuka. Mama aliendelea kuinua mkono wake kila jioni, ila sasa vidole vilibaki hewani. Aliviangalia kidogo, akashusha mkono, akapuliza filimbi. Nilidhani amechoka. Zilipobaki siku nne, akachukua kamba mkononi mwangu. "Leo napima mwenyewe. Wewe nenda ukawaletee maji." Nilifurahi sana kupumzishwa dhambi yangu, nisijiulize zaidi.

Fainali ilichezwa uwanja mmoja kule Ayany, na watu wa Kibera walikuja tele kumwona msichana wao. Wapinzani walishuka kwenye basi lao wakiwa wamevaa tracksuti za rangi moja. Mashabiki wao walipoona magoti yetu walipasuka kwa kicheko. "Oyaa! Hawa wamekuja na godoro!"

Akinyi akageuka polepole. "Eeh, tumewaletea nyinyi. Leo mtalala mapema."

Seti ya kwanza tulipoteza kwa woga. Nilikaa karibu na mlingoti, nikihesabu dhambi moja tu. Halafu seti ya pili Akinyi aliruka, na kwa mara ya kwanza nikaona nyayo za viatu vyake zikiwa usawa wa magoti ya wenzake. Aliupiga mpira akiutazama kutoka juu. Mbele ya ule uliotutesa wiki zote, wavu wa pale ulionekana kama kamba ya kuanikia nguo. Tukachukua ya pili. Tukachukua ya tatu. Mpira wa mwisho wa seti ya nne ulipogonga mchanga upande wao, vigelegele vilisikika nadhani mpaka Toi. Mkuu wa chuo alimpa Mama mkono, tena mikono yote miwili, na habari ya mwalimu wa kandanda haikusikika tena. Tulirudi kwa miguu, Akinyi amelibeba kombe kichwani kama mtungi wa maji, na kila kibanda tulichopita kikatupigia sufuria.

Nyumbani Mama aliweka miguu kwenye beseni la maji ya moto. Nikashindwa kuvumilia. "Mama, ni mimi. Nililifungua fundo. Nikalifunga vibaya."

"Kumbe!" alisema, macho yamemtoka. Kisha akajifuta mguu mmoja. "Umefanya vizuri kusema. Kesho usisahau kamba."

Mama aliendelea kuwa kocha mkuu mpaka alipostaafu mwaka jana. Alichukua kombe mara nyingine nyingi, na wachezaji wake wengi sasa ni makocha. Mimi ni mmoja wa makocha hao. Nafundisha timu ya wasichana wa shule ya upili Kibera, na kamba ninayo mimi. Mwezi uliopita nilikwenda chini ya wavu kutazama mahali palipochanika, nikainua mkono. Nimerefuka sawa na Mama. Ncha za vidole zikagusa utepe wa juu, sawasawa.

Nikabaki nimesimama hivyo, mkono juu, wasichana wakinishangaa. Hakuwa akiusalimia wavu. Alikuwa akiupima. Alijua tangu Jumatatu ile ya kwanza. Akauacha juu ili wasichana wajifunze kuruka, akaushusha siku nne kabla ya fainali ili wazoee kimo halisi, na wiki zote hizo akaniacha nibebe kamba.

Nilimpigia simu. "Mama, ulikuwa unajua!"

"Kumbe!" alisema, akacheka mpaka akakohoa.

Kwa hiyo wewe unayelea au kufundisha, siku utakayokuta fundo limehama, usiulize ni nani. Inua mkono wako, pima tena, kisha mrudishie mtoto kamba aibebe.