Hayo ya Tumboni

Desemba nilifika nyumbani Mazingara nikiwa na meno ishirini na nane. Januari nilirudi bwenini nikiwa na ishirini na tano.

Matatu yaliyobaki yako kwenye vumbi mbele ya bucha ya Mzee Mhina.

Jina langu Sufiani, kidato cha tatu, shule ya bweni Korogwe. Kusoma nasoma, lakini kipaji nilichopewa na Mungu ni kuwachezea watu akili.

Likizo ile, kampuni moja kubwa ya mafuta na gesi kutoka ng'ambo ilikuwa imeingia Handeni. Ilishachimba nchi tisa, ikawa inaitafuta ya kumi. Magari yao meupe yalizunguka porini yakipima ardhi.

Dereva wa gari mojawapo alikuwa Ukasha, mdogo wake mama. Mjomba wangu. Tangu baba afariki, ndiye anayenisomesha.

Jumatatu nikatumwa nyama. Mzee Mhina, mwenye bucha, ni mnene. Sisemi kwa dharau. Kiti chake kiliongezwa miguu miwili.

"Wewe msomi," akaniuliza, "hawa watu wanatafuta nini hasa?"

Nikavaa uso wa msibani.

"Mafuta, mzee."

"Mafuta gani?"

Nikalitazama tumbo lake. Taratibu. Kutoka juu mpaka chini.

"Wanaanza kwa kupima. Wakiona yapo ya kutosha, wanatoboa. Halafu wananyonya. Yakijaa, yanapandishwa meli."

Sikusema uongo hata neno moja. Yote yamo kwenye kitabu cha jiografia.

Kwenye foleni, mama mmoja akajifunga khanga upya. Mimi nikachukua nyama yangu, nikaenda kuchekea katikati ya mihogo mpaka mbavu zikauma.

Kufikia Jumatano, ilisemekana kuna mtu huko kijiji cha Mkumbara kaokotwa amebaki ngozi na mifupa. Jina lake hakuna aliyelijua. Mimi bado nacheka.

Alhamisi, siku ya gulio, saa sita mchana, nikiwa nazurura sokoni, gari jeupe likasimama mbele ya bucha. Mjomba akashuka na ovaroli la kampuni.

"Shikamoo, Mzee Mhina. Leo nataka mafuta."

Akaegemeza mkono mmoja juu ya gogo la kukatia nyama, wa pili akaunyooshea ng'ombe aliyening'inia nyuma ya mzee.

"Hayo ya tumboni."

Mzee Mhina akapiga ukelele ambao sijawahi kuusikia kwa mtu mzima.

"Mnyonyaji! Kanifuata!"

Shoka likashuka. Vidole viwili vya mjomba vikabaki juu ya gogo, kando ya maini.

Kilichofuata hakikuchukua hata dakika kumi. Jiwe la kwanza lilimpata sikioni, la pili likamwangusha. Walimkanyaga mpaka ovaroli likabadilika rangi. Vioo vya gari vilipasuka kimoja kimoja. Mama aliyekuwa anauza nyanya alimpiga kwa mchi, akipumzika, akipiga tena.

Nikapenya, nikamlalia mjomba.

"Ni mimi! Nilitania! Wanatafuta mafuta ya ardhini!"

Sabiri, dereva wa bodaboda, akaniangalia kwa huruma.

"Dogo kashanunuliwa huyu. Si unaona anavyomtetea?"

Nusu tofali lake likanipata mdomoni. Nikatema damu na meno, nikarudia. Kila nikisema ukweli, naongezewa teke. Chini yangu nilimsikia mjomba akikoroma kama mbuzi aliyechinjwa vibaya.

Ramadhan, fundi baiskeli, akaja na tairi na kidumu cha petroli. Hatimaye, ndugu zangu, mafuta ya kweli yalikuwa yamepatikana Mazingara.

Tairi likamwingia mjomba shingoni. Petroli ikanimwagikia mgongoni, baridi.

Hapo ndipo nikaacha ukweli.

"Mkimuua mmewafanyia kazi!" nikapiga kelele. "Wanachotaka ni maiti! Mtu akishakufa mafuta yanatoka yenyewe! Wamemtuma mumuue!"

Kiberiti kikabaki hewani.

"Eti nini?" akauliza Ramadhan.

"Akifa leo, wanakuja kumkamua. Wakimaliza kwake, wanahamia kwetu."

Wakatazamana.

"Dogo anasema kweli," akasema Sabiri, yule yule wa tofali.

Basi waliokuwa wanamuua wakaanza kumpigania asife. Walimfunga mkono kwa khanga, wakampepea. Sabiri mwenyewe akampakia kwenye pikipiki mpaka zahanati, akimpigia kelele njia nzima: "Usife, mshenzi wewe! Usife!"

Siku ya nne, hospitalini Korogwe, mjomba alifumbua jicho moja. Nilikuwa nimejiandaa kuungama kila kitu. Nilishapiga magoti.

Akanivuta kwa mkono uliobaki mzima.

"Mpwa wangu, ulijuaje?"

"Nilijuaje nini, mjomba?"

"Kwamba wanataka maiti. Ndiyo maana kila mwezi walikuwa wananipandisha kwenye mizani. Wanaandika kilo zangu. Eti afya ya wafanyakazi!"

Nilifungua mdomo. Halafu akasema, "Umeniokoa, mwanangu," akaanza kulia.

Nikaufunga.

Sasa kampuni imesogeza upimaji Kerenge. Mjomba aliacha kazi, yuko huko huko, anapita kijiji kwa kijiji akiwaonya watu. Anainua mkono wenye vidole vitatu. Nani atambishia?

Ndugu msomaji, somo langu ni fupi. Siku unayotaka kutania, kumbuka kuna mtu mmoja ambaye ukimwambia ukweli atakuamini. Wangu nimeshamwacha aondoke na uongo, na jana nimesikia Kerenge wamechoma gari la kampuni. Dereva alikuwa ndani.