Saa ya Baba Haikutaka Mtu wa Kukaa

Kila anayeiona saa ya baba ananipa ushauri wa bure: tia betri. Wengine wananitajia na duka la kwenda kununua, kana kwamba nimewauliza. Haina betri. Haina hata ufunguo wa kuijaza. Kile kitufe cha ubavuni kinasogeza mishale na tarehe, basi. Ni otomatiki ya zamani. Ndani ina kipande cha chuma kinachozunguka kila mkono unapocheza, na kuzunguka huko ndiko kunakoijaza. Mkono ukitulia, saa inasimama. Nimeyaeleza haya mpaka nimechoka, na bado kesho atatokea mjuaji mwingine na betri yake.

Baba aliinunua ujanani kwa korosho zake mwenyewe, akaitunza kuliko alivyotutunza sisi. Akitawadha, anaivua. Akienda kupuliza salfa kwenye mikorosho, anaiacha ndani imefungwa kitambaa, maana lile vumbi halina pa kushindwa kuingia. Siku nyingine zote jembe ndilo lililoijaza. Hakuwahi kuwaza habari ya kujaza saa kwa sababu hakuwahi kukaa.

Mwaka jana akapooza upande wa kushoto, pamoja na mkono wa saa. Tulipomrudisha nyumbani Narung'ombe kutoka hospitali, saa ilikuwa imeshasimama. Akawa ananionyesha kwa mkono wa kulia, machozi yanamtoka. Hakuuliza habari ya mguu wala ya mdomo uliopinda. Kwetu adhana haifiki, na alichotaka ni akifumbua macho alfajiri aikute saa inatembea, ajue mwenyewe kwamba wakati wa swala umeingia, asingoje kuambiwa kama mtoto. Nikamwonyesha saa ya kwenye simu yangu. Akageukia ukutani.

Mimi ndiye niliyerudi kumuuguza, na kuuguza kwangu kulikuwa kukaa. Mama alifua, alipika, alimgeuza mgonjwa. Mimi nilikuwa kwenye kiti cha plastiki na simu, napokea wageni na kuwasimulia ninavyochoka.

Nikapanda gari mpaka Nachingwea kwa fundi saa. Akaifungua, akaipangusa, akanirudishia. "Nzima hii," akasema. "Ivae, ufanye nayo kazi." Nikamwona mpuuzi. Safari yote ile, halafu naambiwa nifanye kazi.

Nikaivaa. Kutwa kwenye kiti ilijikongoja, na kabla hakujapambazuka ikasimama. Siku zilizofuata nikawa naitikisa jioni kama chupa ya dawa ya kikohozi, palepale kwenye kiti. Dakika tano mkono unauma, naacha. Alfajiri baba anaikuta imesimama.

Mama ndiye aliyeamua. Mikono yake mwenyewe ilishinda kwenye maji, ingeiharibu saa. Akampa mfugaji mmoja wa makamo, miongoni mwa wale waliohamia huku na ng'ombe wao kutoka kanda ya ziwa, aliyekuwa akimletea baba maziwa. Yule bwana akawa anaichukua asubuhi, anaswaga ng'ombe kutwa nzima, jioni anaipangusa kwa shati lake na kumfunga baba mkononi. Ikawa inatembea mpaka kunakucha.

Nilivimba. Saa ya baba yangu, kwa mtu ambaye ng'ombe wake walikula mbaazi zetu msimu uliopita? Nilidharau makubazi yake ya matairi, nikadharau Kiswahili chake cha kuburuta, nikadharau hata alivyokuwa akichuchumaa kumwamkia baba. Mama akaniambia, "Basi wewe kalime, uivae." Nikajifanya sijasikia.

Siku mama alipokwenda msibani Nambilanje na kulala huko, nikamwahi mfugaji uani. "Leo ninayo mimi," nikamwambia. Akasema, "Sawa, kaka," akaenda zake. Nilijiona nimemkomesha. Nikashinda nayo kwenye kiti, jioni nikaitikisa kidogo, nikamfunga baba.

Nilipoamka jua lilikuwa limeshachomoza. Baba alikuwa macho, ameinua mkono wake mbovu kwa ule mzima, anaitazama saa. Imesimama. Swala ilikuwa imempita, na sauti ya kuniita hakuwa nayo.

"Jana kaivaa nani?" akauliza kwa ule mdomo mzito.

"Yule mfugaji," nikasema. Lilinitoka bila hata kufikiri, jepesi kabisa.

Baba akanitazama. Hakukasirika, na hilo ndilo lililoniuma.

"Yule hakai," akasema.

Nikamvua saa, nikamtengenezea maji ya kutawadha, nikamsaidia akaswali kadha, kuilipa ile iliyompita, amelala. Kisha nikaichukua saa, nikaenda kumtafuta mfugaji. Nilimkuta anafungua zizi. Akaitazama ile mishale, akauliza saa imepatwa na nini. Nikamwambia yote: kwamba nilikuwa nayo mimi, kwamba mzee amepitwa na swala, na kwamba nimemsingizia yeye. Nikangoja anitukane. Njia nzima nilikuwa naandaa majibu.

Akaivaa, akakaza mkanda, akaokota fimbo yake.

"Pole, kaka," akasema, akawafuata ng'ombe wake.