Msemaji wa Sinema ya Jumamosi

Miaka ile Mwingereza akingali anatutawala, ukisema "msemaji" hapa Arusha hukuwa na haja ya kutaja jina. Msemaji alikuwa mmoja tu, Hatibu Jamaldini wa Daraja Mbili. Kila Jumamosi mchana, siku yetu sisi Waafrika, alisimama kando ya pazia kwenye ukumbi wa sinema wa Bwana Valji, bomba la bati mdomoni, akiwaeleza watu kwa Kiswahili yale Wamarekani waliyokuwa wakiyasema kwa Kiingereza chao cha puani. Na watu walijaa, asikwambie mtu. Walitoka Nduruma kwa miguu, walitoka Kisongo na vumbi lao magotini, wakabanana kwenye mabenchi ya mbele mpaka mwingine akaangalia picha amekalia paja la mwenzake.

Msidhani ilikuwa kazi ya raha. Mashine ya picha inanguruma nyuma, watoto wachanga wanalia, mvua ikinyesha juu ya mabati ndiyo kabisa, na wewe mmoja unatakiwa usikike kuliko vyote hivyo. Ukinyamaza umeze mate tu, ukumbi mzima unakuvaa: "Sema! Sema!" na maganda ya karanga yanakupiga kisogoni. Kiingereza Hatibu alikiokota jeshini, wakati wa vita vya Burma. Maneno ya kwenye sinema nusu aliyaelewa, nusu aliyatunga mwenyewe, na haya ya kutunga ndiyo watu waliyapenda zaidi.

Sasa sikieni kituko. Wamarekani wana tabia ya kuimba katikati ya sinema. Mtu anakwenda zake, mara anasimama, anaangalia mbali, anafungua mdomo anaimba. Hatibu aliamini, tena kwa moyo wake wote, kwamba nyimbo zile ziliwekwa pale makusudi kwa ajili ya msemaji. Si hakuna anayepigana? Si hakuna anayekimbia? Basi waliotengeneza picha walijua kila mji una msemaji wake, wakamwachia nafasi aeleze yaliyopita na yanayokuja. Kwa hiyo wimbo ukianza tu, ndipo alipojaza kifua na kupaza sauti kuliko mahali pengine pote. Hakuna aliyemwambia vingine. Nani amwambie, wakati watu wenyewe walikuwa wakimshangilia?

Mwaka ninaousimulia, Hatibu alikuwa amechoka. Si uchovu wa kulala ukaamka nao umekwisha. Alichoka mpaka kwenye mifupa. Julai ile baridi ilishuka kutoka Meru ikakaa mjini kama mgeni asiyeaga, na koo lake likaanza kukwaruza. Asubuhi alitoa sauti ya jogoo mgonjwa. Dresa wa hospitali alimwangalia kooni kwa tochi, akatikisa kichwa.

"Mzee Hatibu, nyamaza. Miezi, si siku. Ukiendelea kupiga kelele, sauti itaondoka na haitarudi."

Alimpelekea Bwana Valji habari hiyo. Bwana Valji hakuwa mtu mbaya, lakini alikuwa mfanyabiashara, na Jumamosi ni Jumamosi.

"Hatibu, mimi nakuhurumia, kweli tena," alisema. "Lakini bila msemaji watu watavunja viti vyangu. Kama huwezi, sema mapema, nitafute mtu Moshi."

Mtu wa Moshi! Hatibu alitoka pale damu inamchemka. Huyo mtu wa Moshi angejua wapi watu wa Nduruma wanapenda kuchekeshwa? Hata hivyo, njiani hasira ilipopoa, alijiuliza kitu ambacho hakuwahi kujiuliza: yeye bila ile nafasi ya kando ya pazia ni nani hasa? Mzee mmoja wa Daraja Mbili mwenye koti la jeshi lililochakaa. Hakuna wa kumsimamisha barabarani, hakuna wa kumwambia "ile ya juzi ilikuwa kali." Aliogopa, na sitawaficha. Aliogopa kuliko alivyoogopa Burma.

Nyumbani alikuwa na kitabu. Alikipata kwenye mnada, siku Mgiriki mmoja mwenye shamba alipouza vitu vyake ahame. Hatibu alinunua sanduku la vyombo, na chini ya sufuria akakuta kitabu kinene cha sinema za Marekani: picha za waigizaji, habari za watunga nyimbo, jinsi wapiga fidla wanavyokaa chumba kizima wakiangalia picha huku wanapiga. Alikisoma polepole kwa kidole, kamusi pembeni, na mara nyingi alichotafuta ni majina ya watu tu, ayatie kwenye maelezo yake aonekane mjuzi. Sura za muziki alikuwa akiziruka. Muziki ulimhusu nini?

Wiki ile, kwa kuwa aliamriwa anyamaze, alisoma. Akafika penye habari za picha ambayo Bwana Valji angeionyesha Jumamosi inayokuja, picha ambayo Hatibu alikwisha kuisemea mara kadha wa kadha. Ni ya mchunga ng'ombe anayeswaga kundi lake katika nchi kame kwa miezi, anarudi kwao anakuta nyumba tupu. Anakaa kizingitini, anaimba. Hapo siku zote Hatibu aliwaambia watu kwamba jamaa anawaapia wezi wa ng'ombe: nitawatafuta, nitawakatakata, hamtapona. Ukumbi ulikuwa ukiruka kwa shangwe. Kitabu kilisema jamaa anamwimbia mama yake aliyekufa wakati yeye yuko njiani. Kikasema pale hakuna neno linalozungumzwa, kwa sababu waliotengeneza walitaka watu wasikilize. Wasikilize! Alisoma sentensi ile mara ya pili, akafungua kamusi kana kwamba neno lile halijui.

Mkewe, Siwema, alikuwa akipepeta mchele mlangoni, anaimba kwa pua.

"Wimbo gani huo, Mama Zuleha?" Hatibu alinong'ona.

"Ni wa ile sinema yako ya ng'ombe. Ule wa kijana aliyefiwa na mama."

"Umejuaje kama amefiwa na mama?"

Siwema alicheka. Kila Jumatano mchana ukumbi ulikuwa wa wanawake watupu, Wahindi na Waswahili, na mwanaume haruhusiwi kukanyaga ndani, awe msemaji awe nani. "Jumatano wewe hupo, Baba Zuleha. Tunaangalia, tunasikiliza. Yule kijana anashika shuka la mamake ananusa. Nani hatajua? Tulilia siku ile mpaka mabuibui yakalowa."

"Na mimi nawaambia watu anaapia wezi."

"Wezi?" Siwema aliweka ungo chini. Alitaka kucheka tena, akaona uso wa mumewe, akaacha. "Basi Jumamosi nyamaza hapo tu, padogo. Upumzishe na koo."

"Ninyamaze? Watanirushia mabenchi." Alikifunga kitabu, akajilaza akitazama dari. Alijisikia mjinga, na kuwa mjinga uzeeni kunachosha kuliko kubeba magunia.

Jumamosi ikafika. Siwema alimchemshia tangawizi, akamfunga kitambaa cha sufu shingoni, akamtazama akiondoka. Hatibu alipiga moyo konde. Shabaha yake ilikuwa moja: afike mwisho wa picha na sauti yake, Bwana Valji asahau habari za mtu wa Moshi. Wimbo akaufanye vilevile, wezi vilevile. Aliyezoea wezi atapewa wezi.

Benchi la mbele kabisa alikaa mzee Lesikar wa Kisongo, kama kawaida yake akitoka mnadani kuuza mifugo. Kiswahili cha Lesikar kilikuwa cha kuombea maji na kuuliza bei, lakini hakukosa Jumamosi hata moja.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, msemaji. Leo ng'ombe?"

"Leo ng'ombe, mzee."

Taa zikazimwa. Mwanzo alikwenda vizuri, kuliko alivyotegemea. Aliwachekesha, aliwatisha, akawavusha mto pamoja na kundi. Kisha akasikia kitu kooni kinachanika, kama kitambaa kikuukuu. Neno lililofuata lilitoka nusu. Lililofuata halikutoka. Alipuliza kwenye lile bomba, ikatoka pumzi tupu.

"Sema!" mtu akapiga kelele.

Alijaribu. Mishipa ilimsimama shingoni, macho yakamtoka, wapi. 

"Sema, wewe! Umelala?" Karanga zikaanza kuruka. Mtu akapiga benchi kwa fimbo, wengine wakaitikia, mlango wa nyuma ukafunguka na Bwana Valji akachungulia na uso wa mtu anayehesabu viti vyake. Hatibu alisimama pale na bomba lake, aibu imemfunika kichwa mpaka miguu. Alitamani ardhi ipasuke. Alifikiri: basi, yamekwisha.

Kwenye pazia, kijana alikuwa amefika kwao. Alisukuma mlango, akaingia, akatoka na shuka mkononi. Akakaa kizingitini. Akaanza kuimba.

Fidla moja ilianza chini kabisa, na kwa kuwa hakukuwa na Hatibu wa kuizima, ilisikika. Kelele zikaendelea kidogo, kisha zikapungua upande mmoja, kisha upande wa pili. Mwenye fimbo akaacha. Kijana alinusa lile shuka, akaendelea kuimba, na ukumbi wote wa watu wa Nduruma na Kisongo na Daraja Mbili, watu ambao hawakupata kunyamaza hata kwa kumheshimu Gavana, ukanyamaza. Hatibu aligeuka akatazama picha. Miaka yote hiyo, wimbo ukianza tu, aliwageukia watu, pazia mgongoni. Wimbo ulikuwa mzuri, jamani. Ulikuwa mzuri kiasi cha kumuuma. Machozi yalimtoka, na hakujua analia kwa ajili ya kijana, au mama yake, au nyimbo zote alizozifunika kwa mdomo wake.

Picha ikaisha hivyohivyo, bila neno. Watu wakatoka polepole, wengine wakipenga kamasi kwenye kona za shuka zao. Hakuna kiti kilichovunjika.

Mzee Lesikar alimfuata pale kando ya pazia. Bwana Valji alikuwa amekwisha kufika, amesimama mikono nyuma. Lesikar alimshika Hatibu mkono kwa mikono yake yote miwili.

"Msemaji," alisema, akitafuta maneno, "siku nyingi mimi nakuja, nacheka tu na watu. Sielewi. Leo naelewa yote. Mama yake amekufa." Akamtikisa mkono tena, macho yake mekundu. "Leo umefanya vizuri kuliko siku zote. Asante sana."

Alisema kwa mapenzi matupu, mzee wa watu. Hakujua alikuwa anasema mbele ya nani. Hatibu alimwona Bwana Valji akimtazama Lesikar, halafu akiyatazama mabenchi mazima, halafu akimtazama yeye. Alijua kabla hajaambiwa.

"Hatibu," Bwana Valji alisema Lesikar alipoondoka, na alisema kwa upole, na hilo ndilo lililouma zaidi. "Sihitaji mtu wa Moshi. Umeona mwenyewe. Wewe utakaa mlangoni kwenye stuli, uchane tiketi. Mlangoni hapahitaji koo."

Angekuwa na sauti, angegomba. Angemwambia picha za ngumi je, za vichekesho je, nani atawavusha watu mto? Lakini sauti hakuwa nayo, na nguvu za kuitafuta pia hakuwa nazo. Aliitikia kwa kichwa. Na aibu kubwa zaidi, aliyomwambia Siwema peke yake, ni kwamba miguu yake ilifurahi kusikia kuna stuli.

Jumamosi iliyofuata alikaa mlangoni na kitambaa chake cha sufu. Mlango ulikuwa mzito, wa mbao, na ukishafungwa huku nje husikii fidla wala nini. Watu walipita wakampa tiketi, akazichana. Wengine walimwuliza, wengine hawakuuliza. Mzee Lesikar alifika na vumbi lake, akashangaa kumkuta pale.

"Msemaji! Leo husemi?"

Hatibu alitikisa kichwa.

"Vizuri," alisema Lesikar kwa moyo mweupe kabisa, akampigapiga begani, akaingia ndani.