Gereji Ubavuni mwa Jiko Langu

Mwanangu aliporudi nyumbani na vyuma vyake, sikumkatalia. Uwanja wa gereji pale Korogwe, alikofanya kazi tangu ujana wake, mwenye uwanja aliuuza, na mafundi wote wakaambiwa waondoe vitu vyao. Akaja hapa Sindeni na lori la kukodi, akashusha mbele ya baraza yangu mafungu ya vitu ambavyo mpaka leo sivijui vyote: injini isiyo na gari, milango isiyo na magari, springi, betri zilizokufa, madebe ya oili chafu. Nyuma ya lori, ikivutwa kwa mnyororo, ilikuja pikapu ya marehemu baba yake, ambayo aliihifadhi kule mjini tangu tulipomzika mwenye nayo.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Hivi vyote vitakaa wapi?"

"Hapa nyumbani, mama. Nitajenga banda, nifanyie kazi hapa hapa."

"Hapa wapi?"

Alitazama nafasi iliyopo kati ya nyumba kubwa na jiko langu, kisha akalitazama jiko lenyewe. Nilimwona akilitazama.

Ni lazima nieleze jiko hilo ni nini, kwa maana mtu akilipita atadhani ni kibanda cha kufugia kuku. Ni la miti na udongo, limeezekwa kwa bati kuukuu, na mlango wake ni wa mbao tatu. Nyumba kubwa aliijenga mume wangu, na kila kilichokuwamo kilikuwa chake. Alipokuwa safarini na lori la mkonge, ufunguo wa chumba chetu aliuacha kwa kaka yake, si kwangu. Jiko nililikandika kwa mikono yangu, nikiwa na mimba ya huyu huyu mwanangu. Humo ndani hapakuwa na mtu wa kuniamuru. Moshi ulipoyaharibu macho yangu nilihamia barazani na jiko la mkaa, lakini mafiga yangu yapo palepale nilipoyaweka, na ufunguo naufunga kwenye pindo la kanga.

Tena kwa desturi tuliyolelewa nayo, mtoto wa kiume akisharudi jandoni haingii jikoni kwa mama yake. Husimama nje, hupiga hodi, hupewa anachokitaka, huenda zake. Mwanangu, pamoja na mvi zake, ameishika desturi hiyo kwa nguvu. Laiti angeishika swala ya alfajiri namna hiyo.

Asubuhi ya pili nilimkuta akichora ardhini kwa majivu. Majivu yenyewe alikuwa ameyachota kwenye jiko langu la mkaa. Mstari ulianza penye ukuta wa nyumba kubwa, ukaja moja kwa moja, ukapita katikati ya mlango wa jiko.

"Mstari huu unakwenda wapi?" nikamwuliza.

"Ni makadirio tu, mama."

"Makadirio yako yameingia jikoni kwangu bila hodi."

Mjukuu wangu, huyu anayeniandikia maneno haya, akacheka hadi akaangusha ndoo. Baba yake hakucheka. Alinieleza kwa adabu, kama anavyowaeleza wateja wake, kwamba gari halipimwi likiwa limefungwa. Gari lililosimama ni kama mtu aliyejikunyata usingizini. Ukitaka kumpa kitanda, mpime akijinyoosha. Milango yote ifunguliwe mpaka mwisho, boneti iinuliwe, fundi alale chini yake na miguu yake ibaki nje, na mtu mwingine aweze kupita nyuma ya miguu hiyo akiwa amebeba tairi. Kisha kuna meza ya kufanyia kazi, na mahali pa kuining'iniza injini itakaposhushwa kwa mnyororo. Gari moja, alisema, linahitaji nafasi ya mawili.

Nilimsikiliza. Sijawahi kukaa kwenye dawati, lakini najua maneno yenye maana ninapoyasikia.

"Basi lipime likijinyoosha," nikamwambia. "Lakini miguu yake isivuke pale maji ya paa langu yanapodondokea."

Huo ndio mpaka niliompa. Akachukua kamba ya katani, akafungua milango ya pikapu, akainua boneti, akamlaza binti yake, huyu huyu mjukuu wangu, chini ya gari juu ya boksi, akapima. Akafunga fundo la urefu, akafunga fundo la upana. Alipoinyoosha kamba kutoka ukuta wa nyumba hadi kwenye mstari wa matone, lile fundo la upana likaishia ndani ya mpaka kwa shubiri moja.

"Itatosha, mama. Kwa kubanana, lakini itatosha."

Akaitundika kamba juu ya ua wa minyaa, tukajiandaa kwenda mjini.

Duka tulilokwenda Korogwe ni la familia ya Kihindi ambayo imeuza bati na misumari tangu mimi sijaolewa. Mzee mwenye duka alimjua mume wangu, na kila anionapo hunipa pole kana kwamba msiba ni wa wiki iliyopita. Mwanangu alipotaja idadi ya bati, mzee akavua miwani.

"Mama, gari lenu unalijengea nyumba au jeneza?"

"Jeneza hakuna aliyewahi kulilalamikia udogo," nikamjibu.

"Ongeza bati mbili tu. Bati haliozi."

"Mama ameshakata shauri, mzee," mwanangu akasema huku akinitazama kwa pembeni.

"Bati zikizidi, banda litakua," nikasema. "Likikua, litataka kula. Na kilicho karibu nalo ni jiko langu."

Mzee akacheka, akatufungia misumari ndani ya gazeti. Tukarudi Sindeni na mizigo yetu juu ya gari la abiria, mvua ikitunyeshea njia nzima. Usiku huo mvua haikukatika. Sikulala vizuri, magoti yangu huumia kila mawingu yanapokuja upande huu.

Asubuhi kulikuwa kumepambazuka kweupe. Majirani walikuja mapema kusaidia, na mwanangu hakutaka kuwapotezea siku. Akaichukua ile kamba pale uani, ikiwa imelowa inachuruzika, akapimia mashimo. Wakachimba, wakasimamisha nguzo, wakashindilia mawe na udongo, wakapandisha kenchi na bati. Mimi nilipika ugali na maharage kwa watu wote hao barazani, jiko moja la mkaa, sufuria baada ya sufuria. Hakuna aliyeniuliza kama nimechoka, na kama angeniuliza nisingemwambia.

Banda lilipokamilika wakaisukuma pikapu ndani kwa shangwe, mwanangu akiwa kwenye usukani. Shangwe ikafika mwisho pale alipotaka kushuka. Mlango uligonga nguzo kabla mguu wake haujapata pa kupita. Akajaribu mlango wa pili, nao ukagonga ukuta wa nyumba. Ikabidi atokee dirishani, akitanguliza kichwa, mbele ya watu wote aliokuwa amewaita.

Akaifuata kamba. Ilikuwa imeshinda juani, imekauka. Akainyoosha ndani ya banda, na lile fundo la upana likapita nje ya nguzo kwa dhiraa nzima. Kamba ilikuwa imeurudia urefu wake. Banda halikuwa na pa kurudi.

Jirani mmoja, mzee aliyekata mkonge miaka mingi, akapiga paja lake kwa kicheko. "Ewe! Mtoto wa dereva wa mkonge, umedanganywa na mkonge?"

Nami nilitaka kucheka, lakini nilimkumbuka baba yake. Alipokuwa akisafirisha mkonge, mvua ikianza tu, alilisimamisha lori hata kama ni porini, akashuka na kulowa ili alegeze kamba za mzigo, kwa sababu katani ikilowa hujikaza na kufupika mpaka ikakata mbao za ubavuni. Mwanangu alikaa kwenye lori lile akiwa mtoto. Aliona jambo hilo mara zisizo na idadi. Watu wa huku tumeishi na mkonge mpaka tumeacha kuutazama.

Siku zilizofuata zilifanana. Mwanangu aliamka, akalizunguka banda, akarudi kukaa barazani. Nguzo zilikuwa zimeshindiliwa, bati zimepigiliwa, na fedha ya bati ilikuwa imekwisha. Nilijua atasema nini. Nilikuwa nikingoja tu alete neno lake tumalizane.

Alilileta jioni moja nilipokuwa nachambua mchicha.

"Mama."

"Sema."

"Kenchi nilizikata kwa kamba ile fupi; siwezi kuusogeza ukuta bila miti mingine, na miti iliyopo ni ya jiko lako tu. Siku hizi hupikii humo, mama. Unapikia hapa hapa barazani."

"Kwa hiyo?"

"Nilikuwa nasema tu."

"Baba yako naye halali tena chumbani kwake. Mbona hukukivunja?"

Akaokota jani la mchicha lililoanguka. Halafu akasema, kwa sauti ya chini na bila ukali, kwamba isipowezekana atakwenda Hale, kuna fundi mwenzake mwenye uwanja, ataiburura pikapu hadi huko na kuja kutuona mwisho wa wiki. Hakusema hivyo ili kunitisha. Angekuwa amenitisha, ningejua namna ya kumjibu.

Sikula usiku huo. Nilifungua jiko, nikakaa juu ya kigoda mbele ya mafiga yaliyopoa. Nilikuwa nimechoka kulinda. Mwanamke hulinda watoto, hulinda chakula, hulinda jina la mume, na uzeeni, anapodhani amemaliza, hujikuta akilinda ukuta wa udongo. Hata hivyo sikuona sababu ya kuutoa. Mtu hatoi kitu chake kwa sababu tu kukilinda kunachosha.

Asubuhi niliingia bandani, jambo ambalo sikuwa nimelifanya tangu lijengwe. Nilipita kwa ubavu. Nikaona meza ndefu ya mbao, mitungi, matairi yaliyolika, ile milango isiyo na magari imeegemezwa kila upande, na chini masanduku ya spana yamefunguka midomo.

"Toa vyote," nikamwambia.

"Vyote, mama?"

"Acha gari. Vingine vyote toa nje nivione."

Kazi ile ilitumaliza. Kila alichokishika alikitetea.

"Hii springi nitaihitaji."

"Lini?"

"Siku moja, mama."

"Siku hiyo ikija, utaikuta chini ya springi nyingine."

Mjukuu wangu akadakia, "Baba, hata hii betri? Imeota uyoga!"

"Wewe nyamaza, hujui betri."

Anunuaye vyuma chakavu akaja na mkokoteni wake, akaondoka umejaa, mwanangu akiusindikiza kwa macho kama anayesindikiza maiti. Kisha akaing'oa milango ya pikapu kwenye bawaba zake, akaitundika juu kwenye kenchi, na sasa mtu aliweza kupita kila upande. Nafasi ya injini ikapatikana. Lakini meza na masanduku ya spana yalipoingia tena, nafasi ile ile ikapotea. Akasimama pale na sanduku mkononi, akilihamisha huku na huku, paji la uso likimtoka jasho. Hakulitazama jiko langu. Alijizuia asilitazame, na mimi nikaona anavyojizuia.

Ndipo nikafungua pindo la kanga.

"Meza ikae nje chini ya upenu, uifunike na turubai. Spana na vyote vya mkononi vitakaa jikoni kwangu. Ukuta hautaguswa. Mafiga hayataguswa. Ufunguo ni huu na utabaki hapa hapa."

Akashusha sanduku chini. "Sasa mimi nitavipataje, mama? Mle siingii."

"Utapiga hodi."

Nilipigilia misumari kwenye kuta nilizozikandika, pale iliponing'inia miiko na vichungio vyangu, nikatundika spana kuanzia kubwa hadi ndogo. Bisibisi ziko kwenye kibuyu nilichowekea chumvi. Jeki imekaa karibu na mafiga, lakini haiyagusi. Namba zilizoandikwa kwenye spana sizisomi, kwa hiyo tuligombana mwanzoni.

"Nipe kumi na saba, mama."

"Usinitajie namba. Taja msumari."

Sasa anataja msumari, wa ngapi kutoka mlangoni. Pikapu ya baba yake imefunguliwa yote, injini inaning'inia kwenye mnyororo, na watu wa vijiji vya jirani wameanza kuleta magari yao, ambayo husubiri zamu nje chini ya jua. Hakuhamia Hale. Jiko langu limesimama. Nikifungua mlango sasa, harufu ya moshi imekwisha kabisa; inanijia ya mafuta na chuma.

Lakini jambo hili sikulipima. Fundi haombi spana mara moja kwa siku. Huomba moja, huirudisha, huomba nyingine, hugundua ile ya kwanza ndiyo iliyofaa. Nikitandika mkeka nipumzike baada ya adhuhuri, naitwa. Nikikaa kumenya muhogo, naitwa. Nilidhani nimelishinda lile banda, kumbe nimeajiriwa nalo. Mjukuu wangu huniambia nimpe baba yake ufunguo nilale. Simpi. Jiko ni langu, na mwenye jiko ndiye anayefungua.

"Hodi jikoni!"

Ndiye huyo.

"Msumari gani?"

"Wa tano, mama. Samahani. Na ule wa sita."

Weka kalamu, mjukuu wangu. Nipe mkono nisimame.